Dawa za asili kwenye faili la mgonjwa: tuulize nini, tuandike nini, rufaa iendeje?

Zamu_ya_Usiku

Wadau, habari za kazi.

Naandaa mwongozo wa kituo cha afya kuhusu kufanya kazi pamoja na waganga wa tiba asili. Rasimu iliyopo imejaa maneno mazuri juu ya kuheshimiana, lakini haina hata jambo moja ambalo muuguzi wa mapokezi anaweza kulifanya kesho asubuhi. Naomba mambo yanayotekelezeka:

Mgonjwa anayetumia mitishamba aulizwe vipi ili aseme ukweli, na kiandikwe nini? Dawa zipi za hospitali ziangaliwe kwanza? Fomu ya rufaa iweje ili mganga naye aitumie? Na je, ni sawa kuweka dawa za mitishamba kwenye dirisha letu la dawa?

---

Dirisha_la_Dawa

Nianze na swali lenyewe, kwa sababu likikosewa hapo mengine yote hayana maana. Ukimuuliza mtu "Unatumia dawa za kienyeji?" atakujibu hapana. Neno "kienyeji" limeshabeba lawama, halafu mwenyewe hahesabu majani ya kuchemsha, unga wa kuchanganya kwenye uji, mafuta ya kuchua, kujifukiza wala chale kuwa ni dawa. Muuguzi amalize kwanza kuorodhesha vidonge, kisha aseme hivi: "Watu wengi huongeza majani, mizizi, unga au mafuta ili wapone haraka. Wewe unaongeza nini?" Baada ya hapo apitie njia moja moja: cha kunywa, cha kupaka, cha kujifukiza, cha kuchanjia, cha kupiga bomba (kuingizwa kwa njia ya haja kubwa). Wengi watakumbuka kitu kwenye njia ya tatu au ya nne.

Kinachoandikwa: jina analolijua mgonjwa, kwa herufi alizotamka yeye, sehemu ya mmea (jani, gome, mzizi, mbegu), ilivyoandaliwa (imechemshwa kwa muda gani, imelowekwa, imesagwa, imewekwa kwenye pombe), kiasi na mara ngapi kwa siku, lini alianza, nani alimpa. Mwombe alete mabaki ya dawa yenyewe, na mabaki hayo yasitupwe.

Sasa dawa za kuangalia kwanza. Mwongozo ukijaribu kuorodhesha kila mmea utashindwa, kwa hiyo anza upande wa vidonge. Ziko dawa ambazo umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni mdogo sana: warfarini (ya kuzuia damu kuganda), digoksini (ya moyo), fenitoini, lithiamu, theofilini, siklosporini na takrolimasi. Ongeza dawa za kufubaza VVU, vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na dawa za sukari. Mgonjwa akiwa kwenye mojawapo ya hizi na anatumia mmea wowote wa kunywa, faili lake lipelekwe kwa mfamasia siku hiyohiyo.

Kinachotokea ndani ya mwili ni nini? Njia kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazovunjavunja dawa mwilini. Mmea wa Hypericum perforatum, unaouzwa kwa ajili ya huzuni na kukosa usingizi, huviamsha vimeng'enya hivyo vivunje dawa kwa kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kwa watu wenye afya ulionyesha kiwango cha indinaviri, dawa ya VVU, mwilini kikishuka kwa asilimia 57. Vidonge vya kitunguu saumu navyo vilishusha saquinaviri, dawa nyingine ya VVU, kwa karibu nusu. Mgonjwa anameza dawa zake bila kuruka hata siku moja, virusi vinapanda, na anaonekana mwongo mbele ya mhudumu. Hilo linaniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu kosa si lake.

Ya pili ni kuongezeana nguvu. Karela, lile tunda chungu, inashusha sukari. Ikikutana na glibenklamidi, kidonge cha kisukari, sukari inaweza kushuka hadi mtu akazimia. Na kwa kuwa glibenklamidi hudumu mwilini, kumpa glukosi akazinduka kisha kumruhusu kwenda nyumbani ni kosa: alazwe apimwe sukari kwa saa 24. Sanamaki na shubiri zikitumika kwa wiki nyingi huondoa potasiamu. Potasiamu ikishuka, digoksini ileile aliyoizoea inageuka sumu ya moyo. Mzizi wa Glycyrrhiza glabra nao hushusha potasiamu na kupandisha presha kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni kuzuiwa tumboni. Udongo wa kula na unga wa mkaa hunasa dawa kabla haijafyonzwa. Dolutegraviri, dawa ya VVU, hushikwa na kalsiamu, chuma, magnesiamu na alumini, kwa hiyo imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada ya kitu chenye madini hayo.

Halafu liko kosa moja linalofanywa kwa nia njema kabisa: kumwambia mgonjwa "acha zote leo". Aliye kwenye warfarini na Hypericum dozi yake imepangwa huku vimeng'enya vikiwa macho. Akiacha mmea ghafla, katika kama wiki 2 vimeng'enya hurudi kawaida, warfarini inajaa, INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) inapanda, na anaanza kutoka damu. Kuacha kuwe kwa mpango, INR ikipimwa kila baada ya siku chache.

Kwa anayesubiri upasuaji kuna muda unaotajwa sana: ginkgo aache saa 36 kabla, kitunguu saumu cha kidonge na ginseng siku 7, Hypericum siku 5. Mmea usiojulikana, wiki 2.

---

Mkunga_Leba

Naongezea moja tu kwa sababu haingoji ukurasa wa tano wa mwongozo. Kabla ya kutundika dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, mwulize mama, akiwa peke yake bila wakwe wala wasindikizaji: "Umekunywa au umewekewa chochote cha kuharakisha uchungu? Saa ngapi?" Mimea mingi inayopewa wajawazito hukaza mfuko wa uzazi. Ikikutana na oksitosini, mikazo inakosa nafasi ya kupumzika kati yake, mtoto anakosa hewa, na mfuko unaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji au aliyezaa mara nyingi.

Dalili za kutazama kwenye patografu (chati ya kufuatilia uchungu): mikazo zaidi ya 5 ndani ya dakika 10, au tumbo lisilolegea kabisa kati ya mkazo na mkazo. Akisema amekunywa, oksitosini isianze mpaka daktari amwone na mapigo ya moyo wa mtoto yahesabiwe. Swali hili liwe na kisanduku chake juu ya chati, si kwenye maelezo ya pembeni.

---

Jani_Kavu

Dirisha_la_Dawa amesema kweli kuhusu kuandika jina kwa herufi za mgonjwa, ila jina peke yake ni mtego. Jina moja la mtaani hubeba mimea 3 au 4 tofauti, na mmea mmoja huwa na majina 10. Mfano ambao kila anayeandika mwongozo anapaswa kuujua ni wa Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kliniki ya kupunguza unene ilichanganya kwenye vidonge mmea wa Kichina uitwao fang ji. Uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra. Uliofika ulikuwa Aristolochia fangchi, ambao kwa Kichina nao una fang ji ndani ya jina lake. Asidi iliyomo kwenye Aristolochia inaua figo. Zaidi ya wanawake 100 waliathirika, wengine wakahitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo, na miaka kadhaa baadaye ikaonekana saratani ya njia ya mkojo. Mmea haukuwa umeoza wala dozi haikuzidi. Jina ndilo lililokosewa.

Kwa hiyo, mmea wowote unaotumiwa mara kwa mara na wagonjwa wa kituo chenu uwe na sampuli iliyokaushwa na kutambuliwa na mtaalamu wa mimea. Si kazi ngumu. Kata tawi la urefu wa kama sentimita 30 lenye majani na, ni lazima, maua au matunda, kwa sababu majani matupu hayatoshi kutofautisha jamaa wa karibu. Litandaze kati ya karatasi za gazeti, geuza jani moja ili upande wa chini uonekane, bana kwa mbao mbili na uzito juu. Badilisha magazeti kila siku wiki ya kwanza. Usipobadilisha, ukungu unaingia na rangi inapotea. Kibandiko kiseme: tarehe, mahali ulipootea, urefu wa mmea, rangi ya ua likiwa bichi (ikikauka hubadilika), jina la mtaani, sehemu inayotumika na matumizi yake. Tengeneza nakala 2, moja ibaki kituoni, nyingine iende kwenye hifadhi ya mimea ya chuo au taasisi ya utafiti.

Sasa dirisha la dawa. Jibu langu ni hapana, mpaka mambo manne yathibitishwe kwa kila toleo la dawa, siyo mara moja kwa jina la dawa.

Utambulisho, kama nilivyoeleza, pamoja na kromatografia ya tabaka jembamba (kipimo cha maabara kinachotenganisha kemikali za mmea) ikilinganishwa na sampuli halisi.

Unyevu. Pima gramu 2 hadi 5 za unga, kausha kwenye oveni nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena. Upotevu ukizidi kama asilimia 10 hadi 12 kwa majani na mizizi mingi, ukungu utaota ndani ya chombo, na pamoja nao sumu ya aflatoksini ambayo kuchemsha hakuiondoi. Sababu ya kawaida ni kukausha juani nje huku ndani bado kubichi, kisha kufunga kwenye plastiki. Kausha kivulini penye upepo, juu ya chekeche na siyo chini, na joto lisizidi nyuzi 40 kwa mimea yenye harufu.

Metali nzito. Kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa malighafi za mimea ni miligramu 10 za risasi na 0.3 za kadimiamu kwa kilo. Mimea iliyochumwa kando ya barabara kuu au karibu na machimbo hushindwa hapa.

La nne ndilo linalonitia hofu kuliko yote: dawa ya hospitali iliyofichwa ndani ya unga. Ya maungo huwekwa deksamethasoni, prednisoloni au diklofenaki. Ya sukari, glibenklamidi. Ya nguvu za kiume, sildenafili. Mgonjwa mwenye "dawa ya miti" iliyoondoa maumivu ya viungo ndani ya siku moja, kisha uso ukawa wa mviringo, sukari ikapanda na ngozi ikawa nyepesi, mfikirie steroidi. Huyo asiachishwe ghafla. Tezi zake za juu ya figo zimelala, na akiacha siku hiyohiyo anaweza kuanguka kwa presha kushuka. Apelekwe kwa daktari, apewe steroidi kwa kipimo kinachojulikana, kisha ipunguzwe polepole.

---

Mizizi_na_Magome

Nazungumza upande wa tiba asili, kwa sababu ninyi nyote mmeandika kana kwamba mganga ni chanzo cha mabaki ya unga tu.

Rufaa zinakufa kwa sababu zinakwenda upande mmoja. Mganga anamleta mgonjwa, mgonjwa anapokelewa kwa kufokewa ("umechelewa wapi?"), mganga hapewi jibu lolote, na mara ya pili hamleti. Fomu iwe na vipande viwili vinavyochanika. Cha juu anajaza mganga: jina, umri, tatizo lilianza lini, nimempa nini, saa ngapi. Michoro itumike, si kila mmoja anaandika kwa urahisi. Cha chini kinarudi kwa mganga ndani ya siku 7: alikuwa na nini kwa jumla, anaendelea na dawa gani, nini kisichanganywe nazo, lini arudi kituoni. Mgonjwa aridhie kwanza, kwa sahihi au dole gumba, siri yake ikae salama. Kipande cha chini ndicho kinachojenga uhusiano. Mkikosa uwezo wa kukirudisha, msianzishe fomu kabisa.

Mafunzo kwa waganga nayo yawe mafupi na yahusu dalili za kutoshika mgonjwa hata dakika moja. Kwa mtoto chini ya miaka 5: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au hazinduki. Degedege hasa, maana wengi huanza na moshi na kupaka, na malaria kali haingoji. Asiwekewe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe kituoni mara moja. Kwa mkubwa: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, macho ya njano, kutokwa damu mjamzito, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, kidonda kisichopona kwa mwenye sukari. Chale: wembe mmoja mtu mmoja, kisha ndani ya chombo kigumu. Kituo kitoe vyombo hivyo na kuvikusanya, wembe usiishie shimoni.

Kuhusu siri ya mchanganyiko: mganga hatataja mimea yake mbele ya umati wa watumishi, na ana haki hiyo. Panga mtu mmoja kituoni, kwa kawaida mfamasia, aliyesaini kutunza siri. Orodha ikae kwenye bahasha yenye namba, ifunguliwe mgonjwa akidhurika. Bila hilo mtapata majina ya uongo, na hapo sampuli za Jani_Kavu hazitasaidia.

---

Zamu_ya_Usiku

Asanteni sana, hasa kipande cha kurudisha kwa mganga, hakikuwemo kabisa. Mawili yamebaki. Baadhi ya watumishi wanataka chai ya Artemisia annua iwekwe kwenye mwongozo kwa malaria, hoja yao ni kwamba dawa mseto yenyewe ilitoka humo. Na takwimu: ICD-11, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ina sura ya tiba asili, tuitumie?

---

Kitengo_cha_Kumbukumbu

Nianze na la pili. Sura ya 26 ya ICD-11 ipo, na ICD-11 ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Lakini sehemu yake ya kwanza imejengwa juu ya tiba zenye asili ya Uchina wa kale, zilizoenea Japani na Korea. Mgonjwa aliyetibiwa kwa tiba asili za Kiafrika hamtampatia msimbo wake humo. Pia ni ya hiari: inaambatanishwa na utambuzi wa kawaida, na haitumiki kuandika chanzo cha kifo. Kwenu inatosha safu moja ya ndiyo/hapana kwenye rejesta, "anatumia mmea", na namba ya sampuli.

Mnachopaswa kuwa nacho ni taarifa za madhara. Fomu ya kawaida ya madhara ya dawa inatosha, mkiongeza sehemu ya mmea, maandalizi na namba ya sampuli. Pima uhusiano kati ya mmea na madhara kwa kipimo cha Naranjo cha mwaka 1981, maswali 10: alama 9 na zaidi ni hakika, 5 hadi 8 inaelekea, 1 hadi 4 inawezekana, 0 kushuka chini ni shaka. Kwa mitishamba ni nadra kupita 8, maana maswali ya kiwango cha dawa kwenye damu na ya kumpa tena hayajibiki. Tena msimpe mgonjwa mmea uliomdhuru ili mpate alama. Taarifa ipelekwe kwa mamlaka ya dawa. Nchi zilizo kwenye mpango wa kimataifa wa kufuatilia madhara ya dawa huzituma kwenye hazina ya Uppsala, Sweden, na huko ndiko visa 3 vya vituo 3 tofauti vinapoonekana kuwa jambo moja.

Kipimo cha ini kiwe na mstari mwekundu: ALT (kimeng'enya kinachovuja ini likiumia) zaidi ya mara 3 ya kikomo cha juu pamoja na bilirubini (rangi inayofanya macho kuwa ya njano) zaidi ya mara 2, mmea unasimama siku hiyo na mgonjwa anapelekwa hospitali ya ngazi ya juu. Kwenye tumbo lililojaa maji ghafla na ini kubwa lenye maumivu, ulizeni Crotalaria, Senecio na Heliotropium. Alkaloidi zake huziba mishipa midogo ya ini.

Chai ya Artemisia isiingie. Ni kweli Tu Youyou alipata Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, lakini kazi yake yenyewe ndiyo inayoikataa chai. Alipochemsha, nguvu ilipotea. Alifaulu alipotumia etha kwa joto dogo, kwa sababu artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji na joto huiharibu. Chai ya gramu 9 za majani kwa lita 1 ya maji ilipimwa ikakutwa na miligramu 95 hivi za artemisinini, karibu moja ya tano ya dozi ya siku. Homa inashuka, mgonjwa anajiona amepona, vimelea vilivyobaki vinarudi baada ya wiki chache, na vinaweza kuanza kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo kutibu wala kukinga. Wanaotaka kutumia urithi wa mmea huu waangalie dawa mseto iliyopo kabatini. Urithi umo humo tayari.

---

Dirisha_la_Dawa

Nyongeza ya mwisho kwenye orodha yangu ya juu, nimeona nimesahau safu moja: saa ya mwisho kutumia. Iwe ya kwanza kabisa kwenye fomu. Kwa aliyezimia, kwa mama aliye leba, na kwa anayekwenda chumba cha upasuaji usiku, jina la mmea mnaweza kulipata asubuhi. Saa aliyokunywa mara ya mwisho anaijua aliyemleta, naye ataondoka dakika chache zijazo.